Hadi Mwenyewe Atakapoamua

Chumba namba sita, nyuma ya karakana
3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Simu huisikii, na hata ukiisikia unalalamika kwamba haina nukta. Basi nimekaa chini nimeshika kalamu. Tafadhali usianze kusahihisha kabla hujafika mwisho.

Nimepata nyumba! Si ndoto za dalali tena. Nimeingia ndani, nimefungua kila dirisha, nimepanda mpaka darini. Ina vyumba vitatu vya mbele na kimoja cha uani, bomba lake lenyewe, na kiwanja kimepimwa. Iko mtaa wa tatu kutoka hapa kazini, kwa hiyo mteja akiniita kwa friji iliyokataa kugandisha nitatoka nyumbani kwa miguu. Anayeuza ni mwalimu wa udereva. Anahama, anataka kuuza haraka. Chama chetu cha akiba kimekubali kunikopesha sehemu iliyobaki.

Nataka kununua nyumba nipange, Mjomba. Chumba kimoja cha mbele nikae mimi, vingine nipange, na kodi ilipe mkopo wenyewe. Wenzangu karakana wananicheka, eti fundi wa friji anataka kuwa tajiri wa majumba. Waache wacheke. Unakumbuka Mama alivyokuwa akinikataza kupigilia msumari ukutani? "Ukuta wa watu huo." Nguo zetu zilikaa kwenye masanduku mpaka nikadhani masanduku ndiyo kabati. Nataka ukuta mmoja ninaoweza kuupigilia msumari bila kumwomba mtu ruhusa.

Nimeambatisha nakala ya hati ya mauziano. Isome kama ulivyokuwa ukisoma insha zetu, bila huruma. Uani anakaa shangazi yake mwuzaji, ametajwa humo. Nahitaji jibu kabla ya tarehe 20, kwa sababu mwenye duka la dawa naye ameitaka nyumba hiyohiyo.

Mpwa wako,
Bi Haraka (jina ulinipa mwenyewe)


9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Makosa ya barua yako sikuyahesabu, yalijihesabu yenyewe. Nitataja mawili.

La kwanza: jokofu. Friji ni neno la kusemea, si la kuandikia mjomba.

La pili ni kubwa zaidi. Umeandika, "Nataka kununua nyumba nipange." Mwenye nyumba hapangi, hupangisha. Anayepanga ni wewe leo, katika hicho chumba namba sita. Usipoijua tofauti ya maneno hayo mawili, utanunua nyumba na kuendelea kuwa mpangaji.

Sasa hati. Nimeisoma mara tatu kwa kalamu nyekundu, na nakala nairudisha ndani ya bahasha hii. Ina makosa kumi na moja. "Vyumba vitatu za mbele" na "kiwanja iliyopimwa" ni aibu tu, hayamtii mtu hasara. La nne linatia. Wameandika, "nyumba iliyo katika kiwanja changu, ambayo inauzwa." Ambayo ni ya nyumba. Kiwanja kingekuwa "ambacho". Kwa maneno hayo umeuziwa kuta na paa, na ardhi imebaki kwa mwalimu wa udereva. Waandike, "nyumba pamoja na kiwanja chake, ambavyo vinauzwa." Usitie saini kabla hawajabadilisha, hata dalali akulilie.

Sentensi ya saba inasema, "Shangazi yangu atakaa katika chumba cha uani hadi mwenyewe atakapoamua." Hiyo haina kosa la sarufi.

Mengine si ya sarufi, lakini mimi ni mtu mzima na nimeona nyumba nyingi. Rangi mbichi ukutani huficha unyevu. Papasa kwa kiganja karibu na sakafu. Nenda siku ya mvua uone maji ya jirani yanaelekea wapi. Muulize jirani, usimuulize dalali. Chukua mashahidi wawili wasiomdai wala kumpenda mwuzaji.

Mama yako angefurahi. Sina zaidi.

Mjomba wako


Bado chumba namba sita, lakini si kwa muda mrefu
2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ajili ya ile "ambayo". Nilipomwonyesha dalali wino wako mwekundu aliruka kama amemwagiwa maji. "Nani huyu? Hakimu?" Nikamwambia ni mwalimu wa sarufi, wanafunzi wake walimwita Bwana Nukta. Mwuzaji alikuna kichwa, akaibadilisha. Mashahidi walikuwa wawili, ukuta nilipapasa, mvua niliisubiri. Tarehe 18 nikatia saini. Nina kiwanja, Mjomba. Ki-wanja, ambacho!

Sasa nikueleze mpango wote, maana mara ya kwanza nilikupa nusu. Vyumba viwili vya mbele peke yake havilipi mkopo. Chumba cha uani ni cha zamani, kipana, kimekalia nafasi ya vyumba viwili. Mwashi amekwisha pima. Mwishoni mwa Mei tunabomoa, tunajenga viwili vipya. Vinne nitavipangisha (umeona?), kimoja nitakaa mimi. Hapo mkopo utalipika na nitaanza kutafuta nyumba ya pili.

Kuna jambo moja linanikwaza. Nilikwenda kumwambia Shangazi ajiandae. Ndivyo kila mtu mtaani anavyomwita, Shangazi. Ni mama mzee, zamani alikuwa akipiga pasi katika dobi ya hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Mwanangu, hati inasema nikae hadi mwenyewe nitakapoamua. Sijaamua."

Mimi najua mwenyewe ni mwenye nyumba. Dalali alinieleza. Hata mwuzaji, nilipomwuliza ndani ya gari lake la kufundishia, alinitazama usoni akasema, "Mwenyewe ni wewe." Mashahidi wanasema tupeleke suala hili kwa mjumbe wa mtaa, na mjumbe anasema ataheshimu neno la mtu anayejua lugha. Kwa hiyo niandikie mistari miwili tu: katika sentensi ya saba, mwenyewe maana yake mwenye nyumba. Utie saini, uandike na cheo chako cha zamani.

Mwashi anasubiri.

Mpwa wako


8 Aprili

Mpwa wangu,

Nimeipata barua yako. Nina mafua na maandishi yangu hayanyooki.

Swali lako si la mistari miwili. Kabla sijalijibu, nieleze: chumba hicho kilijengwa na nani? Huyo mama amekaa humo miaka mingapi? Ana watu wengine?

Mwashi asibomoe kitu. Jokofu linaweza kungoja gesi siku chache; chumba nacho kitangoja.

Mjomba wako


Chumba cha uani
15 Aprili

Mwalimu,

Salamu kwako. Hunijui, lakini mimi nimekwisha kukujua kwa wino wako. Mimi ndiye yule wa sentensi ya saba.

Mpwa wako ni msichana mzuri, ana haraka tu. Juzi alikuja na maswali: nani alijenga chumba, nimekaa miaka mingapi, nina nani. Nikamwuliza, "Tangu lini fundi wa friji akawa karani wa sensa?" Akacheka, akasema ni wewe uliyetaka kujua. Basi nikujibu mwenyewe, na neno hilo nalitumia kwa kukusudia.

Chumba nilikijenga mimi. Kiwanja kilikuwa cha kaka yangu, na matofali yalikuwa ya mshahara wangu wa dobi. Kaka aliniambia nikae hapa mpaka nitakapochoka. Alipofariki, nyumba ilimwendea mwanawe, huyo mwalimu wa udereva. Miaka niliyokaa ni ishirini na sita. Watu wangu wengine ni hao wa mtaani wanaoniita Shangazi bila kujua mimi ni shangazi wa nani.

Kabla hajauza, nilimwambia mwana wa kaka yangu, "Na mimi?" Akaniandika kwenye hati. Nikamwuliza, "Hapa pana neno mwenyewe, ni nani huyo?" Akaniambia, "Mwenyewe ni wewe, Shangazi." Nikamshukuru. Sasa nasikia na mpwa wako aliambiwa maneno hayohayo. Tumeulizana mimi na yeye, tukabaki kutazamana kama watu waliouziwa tiketi moja ya kiti kimoja. Na huwezi hata kumwita mwongo!

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Mpwa wako aliniachia ile nakala yako nyekundu niisome, anionyeshe kwamba hukuikosoa ya saba. Mimi sarufi siijui. Najua pasi. Mtu aliyepiga pasi mashuka ya hospitali miaka thelathini anajua kutazama kitu kwa kukiinamisha dirishani, ili aone doa lililofuliwa likaisha na doa lililofuliwa likabaki. Niliiinamisha karatasi. Pembeni mwa sentensi ya saba pana alama ya kuuliza. Iliandikwa kwa penseli ikafutwa kwa raba, lakini karatasi imebonyea.

Mwalimu, ulitaka kuuliza nini?

Shangazi


21 Aprili

Kwa Bibi wa chumba cha uani,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Makosa ya uandishi sikuyatafuta.

Kwa miaka thelathini na minane niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba wino mwekundu ni wa kosa na penseli ni ya shaka. Kosa lina kanuni yake. Unaitaja na kuendelea. Shaka haina kanuni. Ni lazima uulize, na ukiuliza ni lazima ungoje jibu.

Niliposoma sentensi ya saba mara ya kwanza, niliona kwamba neno "mwenyewe" lina milango miwili. Kwa mmoja anaingia mwenye nyumba. Kwa mwingine unaingia wewe, ambaye sikukujua. Niliandika alama ya kuuliza. Swali lilikuwa hili: mwenyewe yupi?

Kisha nikafikiri. Hati ingerudi kwa mwuzaji na swali langu. Wangebishana. Tarehe 20 ingefika, na mwenye duka la dawa angeinunua. Mama yake huyu binti alikuwa dada yangu. Alihama mara kumi na moja. Mara ya mwisho, akiwa mgonjwa kitandani, vyombo vyake vilitolewa nje na mwenye nyumba. Mimi nilifika vyombo vikiwa tayari barabarani. Nilitaka mtoto wake apate hiyo nyumba. Nikajiambia kwamba nimeombwa kutazama sarufi, na sarufi haina kosa. Nikachukua raba.

Kusema kweli kwa namna ya kumpoteza msomaji ni kazi ambayo nilikuwa nikiwapa sifuri watoto wa miaka kumi na miwili.

Umeniuliza nilitaka kuuliza nini, nimekujibu. Kuhusu mjumbe wa mtaa, nitamwandikia hivi: neno hili linawakubali nyote wawili kwa haki sawa, na mjuzi wa lugha hawezi kumtoa mmoja wenu. Nakala ya barua hii ninampelekea mpwa wangu leo.

Niwie radhi.

Mwalimu mstaafu


27 Aprili

Mjomba,

Nimesoma. Ulinisahihishia friji, ukaniachia mtu mzima ndani ya neno.

Ungeuliza tu! Ningekasirika, ningekosa nyumba, ningetafuta nyingine. Sasa nina mkopo, nina mwashi aliyekwisha nunua saruji, na mtu ambaye siwezi kumtazama usoni. Na umemtaja Mama kama sababu. Unajua Mama angesema nini? Mimi najua, ndiyo maana silali vizuri.

Usiniandikie kwa sasa. Sitajibu.


19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimetulia, unaweza kuifungua barua bila kujikinga.

Jumatatu mwashi alikuja na kamba zake. Nilimwambia asubiri barazani, nikaenda uani kumwambia Shangazi neno la mwisho. Nilikuwa nimelipanga njiani: nitamlipia kodi ya miezi sita mahali pengine, nitambebea vitu kwa gari la karakana. Nilikuwa nimelipanga vizuri kabisa, hata wewe usingepata pa kutia wino.

Nilimkuta anakunja shuka. Akaniambia, "Usisimame hapo kama mgeni, shika ncha ile." Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Tukalikunja, tukakutana katikati, akachukua ncha zangu. La pili, vilevile. Huwezi kumwambia mtu ahame huku mmeshika shuka moja, nakwambia.

Nikawa natazama ukuta ili nisimtazame yeye. Mjomba, ukuta wote umejaa misumari. Kuna msumari wa kofia, wa ufunguo, wa sufuria, wa kalenda ya zamani, wa pasi ya mkaa isiyotumika. Mingine haina kitu, ipo tu. Nilikuwa sijawahi kuona hivyo katika chumba cha mtu yeyote wa kwetu. Nikamwuliza, "Shangazi, nani alikuruhusu kupigilia misumari yote hii?"

Akasema, "Mwenyewe."

Sikumwuliza mwenyewe yupi. Nilitoka, nikamwambia mwashi akunje kamba. Alinung'unika sana: "Dada, wewe unanunua nyumba au unanunua shangazi?" Saruji nimemwuzia kinyozi anayejenga jirani. Kinyozi huyohuyo amechukua chumba cha kwanza cha mbele, na cha pili wamechukua wauguzi wawili wa zamu. Shangazi ndiye aliyewahoji, mimi nilikaa pembeni. Alimwuliza kinyozi kama anakoroma.

Sasa hesabu. Bila vyumba vya uani, mkopo hautalipika mpaka nikitoe kwa mpangaji hata kile chumba cha mbele nilichojiwekea. Nimempa fundi viatu, anaingia mwanzo wa mwezi. Kwa hiyo nina nyumba ya vyumba vinne, na kwa miaka mitano ijayo nitaendelea kupanga chumba namba sita, nyuma ya karakana. Nimeandika kupanga. Usisahihishe, nimekusudia.

Nyumba ya pili itangoja. Shangazi anasema nisijali, kwamba ananifagilia ua bure na nitarithi misumari.

Tumeandika hati mpya, mimi na yeye, mbele ya mjumbe na mashahidi walewale. Naiambatisha. Ina sentensi moja: "Shangazi atakaa katika chumba cha uani hadi Shangazi atakapoamua kuondoka." Bado hatujatia saini. Yeye ndiye aliyesema tusitie mpaka Bwana Nukta aione. Anasema safari hii atainamisha karatasi dirishani kabla ya wewe hujakauka wino.

Mpwa wako


25 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba.

Nimeisoma hati. Penseli niliiweka mezani, karibu, na raba nimeitia kabatini.

Mwambie Shangazi aiinamishe dirishani apendavyo. Hatakuta kitu, kwa sababu hapakuwa na cha kuuliza.

Katika barua yako umeandika "kabla ya wewe hujakauka wino". Mimi sikauki, hukauka wino. Na jokofu hujalitaja hata mara moja, jambo ambalo nimeliona na kushukuru.

Katika hati mmetaja neno Shangazi mara mbili ndani ya sentensi moja. Kwa miaka thelathini na minane nililikata la pili, kila lilipotokea, kwa kila mwanafunzi, na wewe ukiwamo.

Liacheni.

Mjomba wako